Mihogo ya Shamba la Juu

Jumapili, 6 Oktoba

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali Musoma ameniambia niandike kila siku: mgonjwa amekula nini, presha imesomaje, amesema nini. Kwa hiyo nimechukua daftari nililokuwa naandikia vipimo vya wateja. Kurasa za mwanzo zimejaa viuno na mabega ya watu wa mtaa wa Iringo. Hizi za nyuma ni za mume wangu.

Machage: uji vikombe viwili, sato nusu. Presha 150 kwa 95. Amesema "leo".

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa saba, neno lililobaki ni hilo moja. Akitaka maji, leo. Akitaka kugeuzwa, leo. Mkono na mguu wa kulia vimelala. Daktari anasema anaelewa kila kitu, ila njia ya maneno ndiyo imekatika. Miaka ishirini na miwili mimi nimeishi mjini nikishona, yeye akiishi huku Bugwema akilima, tukikutana mwisho wa wiki. Sasa nimefunga chumba cha cherehani nimekuja kulima kitu nisichokijua, kwa niaba ya mtu anayekijua na hawezi kusema.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza. Majirani wote wametoka na majembe. Mimi nimetoka na mwavuli.

Jumamosi, 12 Oktoba

Presha 145 kwa 90. Uji, ugali kidogo, maziwa ya Robi.

Robi ni jirani yetu wa upande wa chini, mjane, analea wajukuu wawili. Ana ng'ombe mmoja anayekamuliwa, na tangu Machage aanguke analeta kikombe cha maziwa kila asubuhi. Haingii ndani. Anakiweka dirishani, anasema "mgonjwa anywe", anaondoka.

Leo nimetembea mashamba yote mawili. Shamba la chini, karibu na nyumba, ni mihogo ya zamani, mingi tumeshaichimba, na unga wake upo kwenye magunia. Shamba la juu, ng'ambo ya mawe, ni mbegu mpya Machage aliyoipanda mwaka jana. Imesimama mirefu kunizidi, watu wakipita njiani wanageuza shingo. Lakini nilipoinama niliona majani ya chini yana manjano, si jani zima, ni madoa yanayofuata mishipa, kama kitenge kilichomwagikiwa jiki.

Nimechuma jani nikampelekea Machage kitini kwake barazani. Nikamuuliza, "Baba Lucy, hii ni nini?"

Akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Leo." Akarudia, "Leo, leo." Kisha akaanza kutoa machozi, nikaliweka jani mfukoni nikamletea chai.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempigia afisa ugani wa kata, kijana anaitwa Gibson. Namba yake imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, kwa mwandiko wa mume wangu.

"Mama, nipo semina Bunda. Wiki ijayo nakuja bila kukosa."

Sauti nzuri. Nimefurahi.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Presha 160 kwa 100. Amekataa uji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimempeleka Machage kliniki Musoma, nikamwacha foleni na wifi yangu, nikakimbia kwa Isaya mwenye duka la pembejeo. Isaya namjua, nilimshonea suti ya harusi. Nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Mama Lucy, hii ni njaa tu," akasema. "Ardhi imechoka. Mmea unalilia chakula." Hakufikiri hata dakika moja. Alishusha chupa ya boosta, mbolea ya maji ya kupulizia majani, akashusha na dawa ya wadudu, "hii piga kwa tahadhari tu", akanielekeza vifuniko vingapi kwa bomba la kupulizia la lita ishirini.

Sijui jinsi ya kueleza nilivyojisikia. Tangu mwezi wa saba kila mtu ninayemuuliza kitu ananijibu "tuone", "tusubiri", "inategemea". Huyu ameniambia ni hiki, fanya hivi. Nilirudi na zile chupa nimezipakata.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepiga dawa shamba lote la juu. Mgongo umekwisha. Machage alikuwa anatazama kutoka barazani, anatikisa kichwa. Nikajua ananihurumia kwa uzito wa bomba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Gibson: "Mama, pikipiki imekufa. Kata ni kubwa, na nimeongezewa nyingine mbili. Nivumilie."

Nimemwambia Robi kuhusu huyu kijana. Robi akacheka. "Huyo anakujaga siku ya kupiga picha na wakubwa." Na mimi nikacheka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nilikosa subira. Nikachukua jembe nikachimba mti mmoja wa pembeni kabisa, ule wa karibu na njia. Mizizi minne, mizuri, minene. Nikaikata: myeupe kama chaki. Nikaichemsha tukala na dagaa. Mitamu, inamumunyuka mdomoni.

Machage alikula kipande kimoja polepole, akakigeuza geuza kipande cha pili kwenye mwanga kabla ya kukiweka mdomoni. Nikamwambia, "Unaona? Shamba lako zima." Akasema, "Leo." Nikaandika: amekula vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Presha sikupima.

Nataka kuandika yote kwa mpangilio kwa sababu kichwa hakijatulia.

Boniphace, jirani wa upande wa juu, alikuja alfajiri na ng'ombe wake wanne akatulimia sehemu yote iliyobaki ya shamba la chini. Sikumwomba. Alipomaliza nikamuuliza nimpe nini.

"Shemeji, mimi na Machage hatulipanagi," akasema. "Ila kama una moyo, nipe pingili za kupanda za ile mihogo ya juu. Kabla hajaugua alininyima. Alisema subiri kwanza."

Nikaona aibu. Mume wangu mchoyo? Tena kwa mtu kama huyu? Nikakumbuka kweli mwezi wa sita Machage aliniambia kwenye simu, "Shamba la juu msiliguse kwanza." Nilikuwa nashona sare za shule, simu nimeibana begani, sikuuliza kwa nini. Nilidhani anajivunia tu, kama mtu aliyenunua redio mpya hataki ishikwe.

Nikamwambia Boniphace, "Kata unazotaka."

Habari ikatembea. Kufika saa tano walikuwa wamekuja watu tisa, Robi akiwemo. Wote hawa wamenisaidia tangu kiharusi: mmoja kaleta kuni, mmoja katuazima baiskeli ya kubebea mgonjwa, mama mmoja wa jumuiya amenifulia mashuka wiki nzima. Nilikuwa sina kitu cha kuwapa. Sasa ninacho. Tulikata miti, tukaifunga mafurushi kwa kamba za katani, nikawa nagawa moja moja kama bi harusi anayegawa keki. Sijawahi kupendwa hivyo Bugwema.

Mafurushi yalipita mbele ya baraza. Hapo ndipo Machage alipoanza.

"Leo!" akasema. Kisha kwa nguvu, "Leo! Leo! Leo!" Mkono wa kushoto ukawa unapiga mkono wa kiti. Watu wakasimama. Robi akamwambia, "Pole baba, pole, tunakushukuru." Akazidi. Alichukua kikombe cha chai akakirusha, kikampata Boniphace mguuni. Halafu akajaribu kusimama, akaanguka kifudifudi.

Tulimwinua sisi wanne. Alikuwa amechanika mdomo. Na watu, kwa adabu, wakachukua mafurushi yao wakaondoka wameinamisha vichwa.

Nilimfuta damu nikiwa na hasira. Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nilimwambia watu hawa ndio wanaokubeba, na wewe unawarushia vikombe kwa ajili ya vijiti. Aliniangalia tu. Sikuwahi kumwona ananiangalia hivyo, kama mtu aliyepo ng'ambo ya mto anayeona nyumba yako inaungua na huna habari.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya tatu hataki kula. Maziwa tu. Presha 170 kwa 105.

Jumatano, 6 Novemba

Uji nusu kikombe. Afadhali.

Jumapili, 10 Novemba

Lucy, binti yetu, amekuja kutoka Bunda. Anaishi Kabasa, hukohuko Bunda, anafundisha shule ya msingi. Baba yake alipomwona alitabasamu upande mmoja wa uso, tukalia wote.

Nikamwonyesha majani. Manjano hayajaondoka, boosta au hakuna boosta. Akaniunganisha kwenye kundi la wakulima wa mihogo la WhatsApp, watu mia tisa. Tukatuma picha. Majibu yakaanza kumiminika kama mvua ya mawe. Mmoja wa Geita: majivu. Mmoja wa Kigoma: mkojo wa ng'ombe uliolala siku saba. Mmoja: upungufu wa zinki. Mwingine: zinki si kweli, ni chumvichumvi. Wawili wakatukanana. Mmoja akatuma tangazo la vifaranga. Mwanamke mmoja, hana hata picha ya uso, akaandika: "Kata mzizi uangalie ndani."

Nikamwambia Lucy, hilo nimeshafanya, ni mweupe. Tukapita.

Tumehesabu: majibu kumi na moja, hakuna mawili yanayofanana.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Gibson: "Kesho." 

Jumamosi, 16 Novemba

Hakuja.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua. Nimepita kwa Boniphace na kwa Robi. Pingili zimeshika, zimetoa vichipukizi vya kijani kibichi. Robi amepanda hadi mlangoni. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mwakani wajukuu zangu hawatalala njaa." Nilirudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimeketi jikoni. Nitaandika yote.

Gibson alifika saa nne, kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Ni kijana mdogo kuliko sauti yake, macho mekundu ya uchovu. Alinisalimia, "Shikamoo mama," akaenda moja kwa moja kumsalimia Machage, akamshika mkono ule mzima. Kisha tukapanda shamba la juu.

Hakugusa majani kwanza. Alipita ndani, katikati kabisa ya shamba, akapiga magoti, akaparura gome la shina kwa ukucha. Kulikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia. Akageuza jani la juu, wadudu weupe wadogo kama unga wakaruka. Akaniomba jembe.

Mti wa kwanza: mizizi mitano. Kwa nje mizuri, isipokuwa mmoja umebanwa kati kama kiuno. Akatoa kisu akakata.

Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, hivyohivyo. Wa tatu mweupe. Wa nne umeoza nusu. Akachimba mti mwingine, na mwingine. Nilikuwa nimesimama nimeshika khanga mdomoni.

"Mama, hii inaitwa michirizi ya kahawia," akasema. "Ni virusi."

"Dawa yake?"

"Haina."

"Isaya alinipa boosta."

"Haina dawa mama. Hata mimi nikisema nina dawa nitakuwa nakudanganya. Ni kung'oa, kuchoma au kufukia, na kupanda mbegu safi."

"Mimi nilichimba mmoja ulikuwa mzuri. Tuliula."

"Ndiyo inavyofanyaga. Mti huu mzima, ule mgonjwa. Mzizi huu mweupe, wa jirani yake umeoza. Majani yanakuwa yamependeza tu, mtu hajui mpaka avune."

Kisha akauliza, huku anafuta kisu kwenye nyasi, "Inasambazwa na hawa inzi weupe. Ila zaidi sana inasambazwa na pingili. Hujamgawia mtu mbegu?"

Nikageuza macho kule chini, kwa Robi.

"Mama?"

"Tisa," nikasema.

Kijana wa watu akakaa chini, kwenye matope.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mzee alinipigia mwezi wa sita. Aliniambia, Gibson, shamba la juu kuna kitu sikielewi, njoo uangalie, nimekataza watu wasichukue mbegu mpaka uje. Nikamwambia nakuja. Nikapelekwa kwenye zoezi la chanjo ya mifugo. Nikarudi, nikasikia ameugua. Nikasema ngoja apone kwanza." Akachomeka kisu kwenye matope. "Sikuja, mama."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu mwezi wa kumi. Yote yaliisha.

Tulishuka. Gibson alimpelekea Machage kipande cha mzizi. Mume wangu alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga kama alivyofanya siku ile tulipokula. Akamrudishia. Akageuza uso wake ukutani.

Siku ile ya mafurushi alikuwa ananiambia. Alitumia neno lote alilokuwa nalo, akatumia mkono, akatumia kikombe, akatumia na mwili wake akauangusha chini. Na mimi nilimfuta damu nikimtukana.

Presha yake 165 kwa 100. Yangu sijapima.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimepiga magoti mbele ya kiti chake nikaomba msamaha. Aliweka mkono kichwani kwangu. Sijui maana yake ni ndiyo au ni uzito wa mkono tu. Sitajua.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimeanza kwa Boniphace. Nilibeba mzizi uliokatwa ndani ya beseni, nimeufunika kama mtu anayepeleka chakula msibani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akachukua jembe, akang'oa nusu ekari yote mbele yangu. Alipomaliza akajifuta jasho akaniuliza kwa upole, "Sasa shemeji, hapa nipande nini? Mvua za mahindi zimeshapita."

Alikuwa ananiuliza kweli. Alidhani aliyeleta ugonjwa na habari ya ugonjwa ataleta na jibu.

Nikasema, "Sijui."

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya ibada niliomba nafasi ya matangazo. Nilisimama mbele ya watu nikasema mihogo niliyogawa ina ugonjwa, naomba waing'oe, naomba wanisamehe. Mama mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Na zile nilizompa kaka yangu?" Mwingine akasema na yeye alimgawia mwalimu. Nilikuwa nahesabu kichwani: tisa, kumi na mbili, kumi na tano. Kisha nikaacha kuhesabu.

Robi hakuwepo kanisani. Jioni nimekwenda kwake. Alikuwa anapalilia ile ya mlangoni.

"Nimeshasikia," akasema kabla sijakaa. "Umenipa mwenyewe, kwa mkono wako."

"Nilikuwa sijui, mama."

"Na sasa unajua nini? Kijana wa pikipiki amekuambia."

"Nimeona kwa macho. Mzizi huu hapa, angalia."

Hakuuangalia. "Mzizi wa kwako ni wa kwako. Ya kwangu ni kijani. Toka nizaliwe sijang'oa kitu kijani kwa sababu ya maneno."

"Itaoza chini. Na hawa wadudu wataipeleka kwa wengine."

"Itaoza yote?"

Nikakumbuka ule mzizi mweupe. Sikuweza kudanganya. "Si yote."

"Basi iliyooza nitakata nitupe, nzuri watakula watoto. Nikiing'oa watakula nini? Niambie wewe. Watakula maneno ya Gibson?"

Aliinuka akaendelea kupalilia. Nilisimama pale na beseni langu. Mwezi mzima nimekuwa nikilalamika kwamba hakuna wa kunishauri. Robi ametaka ushauri mmoja tu, na sina.

Jumatatu, 2 Desemba

Kikombe cha maziwa kipo dirishani. Hakusema "mgonjwa anywe".

Jumatano, 4 Desemba

Kung'oa. Mimi, Boniphace na mke wake. Machage tumempeleka ndani ili asione. Alikataa kwa kishindo. Tukamrudisha barazani. Akaangalia.

Alhamisi, 5 Desemba

Kung'oa. Mikono imechubuka.

Jumapili, 8 Desemba

Moto hauwaki. Tumerundika miti yote ya shamba la juu, tumewasha kwa matairi na mafuta ya taa, inatoa moshi mweusi na povu kwenye ncha, haiungui. Mibichi. Saa nane mvua ikaja ikazima hata ule moshi. Nilibaki nimesimama na kiberiti kilicholowa.

Nikampigia Gibson. "Fukia," akasema. "Shimo refu." 

Tumeanza kuchimba shimo. Linajaa maji.

Alhamisi, 12 Desemba

Bado shimo.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilikwenda Musoma kuchukua dawa za presha, nikapita kwa Isaya. Nilitaka kumkemea. Dukani walikuwepo wanawake watatu na mwanamume mmoja, kila mtu ana picha kwenye simu, kila mtu anauliza haraka kwa sababu ana safari. Isaya anajibu wote. Nilimwonyesha picha ya mzizi.

Akakaa kwenye gunia la mbolea. "Mama Lucy, mimi nilimaliza darasa la saba. Nimejifunza kwa kusoma makaratasi ya kwenye chupa." Akaangalia wale wateja, akapunguza sauti. "Nikiwaambia sijui, wanaenda wapi?"

Sikumkemea. Nilimwachia ile picha, nikamwambia ambaye atakuja na mihogo amwambie akate mzizi wa katikati ya shamba. Aliahidi. Nadhani atafanya, siku zisizo na watu wengi.

Alhamisi, 19 Desemba

Gibson alikuja, kwa pikipiki ya kuazima. Ameandika majina yetu kwenye orodha ya mbegu safi zinazozalishwa kwenye kituo cha utafiti. Nilimuuliza lini.

"Msimu ujao. Pengine ule unaofuata."

"Wapo wangapi kwenye orodha?"

Akaniangalia. "Mama, usiniulize hilo."

Alikwenda kwa Robi pia. Nilimwona kwa mbali amesimama kama nilivyosimama mimi, halafu akaondoka taratibu. Alichofanya akiwa njiani kilinigusa: alisimama mbele ya baraza letu akamweleza Machage yote, orodha, kituo, msimu, kama anavyoripoti mtu kwa mkuu wake. Machage alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Zamani nilikuwa nasema huyu kijana ni mvivu. Anazunguka kata tatu akiwa na kisu na habari mbaya tu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Lucy ameleta mchele. Presha 140 kwa 90. Samaki furu wa kukaanga, wawili.

Jumamosi, 4 Januari

Shimo limefukiwa. Shamba la juu ni udongo mtupu. Wajukuu wa Robi wanapitia hapo kwenda kisimani, wameshatengeneza njia.

Mihogo ya Robi imefika kiunoni, majani mapana, kijani cha kuumiza macho. Leo tulikutana kisimani. Akasema mbele ya wanawake wengine, akionyesha mihogo yake, "Mgonjwa wangu yule pale, mwone alivyonenepa." Wakacheka. Wawili kati ya waliocheka walikuwa wameng'oa ya kwao kwa ajili ya maneno yangu.

Jumatatu, 6 Januari

Maziwa dirishani. Kila siku yapo. Ningependa siku moja asilete, ili nipate pa kuanzia kumkasirikia.

Ijumaa, 10 Januari

Joto. Nimechukua ndoo ya udongo wa juu, nikauweka mbele ya Machage, nikapanda viazi vitamu humo, akinielekeza kwa kidole kwamba nimegeuza marando juu chini. Tumechukua saa nzima kwa marando manne.

Ijumaa, 17 Januari

Simu iliita saa tatu asubuhi, namba ngeni. Sauti ya mwanamume mtu mzima.

"Mama, unaitwa Prudence? Mimi naitwa Wanzagi, nipo huku Butiama. Namba nimepewa na Miriamu, binti wa Robi. Mama yake alimletea pingili mwezi wa kumi na moja."

Robi hakuniambia kwamba zilifika Butiama.

"Miriamu alisikia habari zako akazing'oa zote," akaendelea. "Kaniambia wewe ndiye unayejua mihogo."

"Sijui mihogo, baba. Mimi ni fundi cherehani."

"Kasema utasema hivyo. Sikiliza, mama. Nina ekari moja, ina mwaka sasa. Nzuri sana. Kesho watu wa jumuiya wanakuja kuchukua mbegu. Ila majani ya chini yana manjano, si jani zima, yamefuata mishipa. Nimeuliza dukani, wamenipa dawa, nimepiga. Nikiwapigia wataalamu wananiambia wiki ijayo."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Nikaweka simu sauti kubwa ili Machage asikie. Akaacha kutafuna.

"Baba, una jembe hapo karibu?"

"Ninalo."

"Ingia katikati ya shamba. Usichimbe wa pembeni. Chimba miti mitatu, kila mmoja mbali na mwenzake, na mizizi yote uikate kati."

"Bado si ya kula, mama. Mingine bado midogo."

"Kata tu, baba."

Akasema ngoja, nikasikia simu imewekwa chini. Nikasikia kuku, na mwanamke anauliza unafanya nini, na yeye anajibu kwa lugha ya nyumbani. Nikasikia jembe. Lilipiga mara nyingi. Machage alikuwa ameinama kuelekea kwenye simu, mkono wa kushoto umeshika goti langu.

"Mama, upo?"

"Nipo, baba."

"Huu wa kwanza ni mweupe." Nilisikia kicheko ndani ya sauti yake. "Mweupe safi."

"Endelea kukata."

Kisu kikapita tena, ule mlio mkavu wa muhogo mbichi unaokatika. Kikapita mara ya pili. Kisha kikasimama.

Mkono wa Machage ukalibana goti langu.